Mwalimu wa malezi aanzie wapi? Mwongozo wa afya ya akili kwa shule za mwambao wa Ziwa Victoria

Mwongozo huu ni wa mwalimu aliyeitwa ofisini kwa mkuu wa shule, akaambiwa, "Kuanzia leo wewe ndiye mwalimu wa malezi na ushauri nasaha," kisha akarudi darasani na vipindi vyake vilevile. Hujasomea saikolojia, huna chumba, huna fungu. Shule ni ya kata mkoani Mwanza, iwe Ilemela au Magu, Buchosa au Ukerewe, na darasa moja lina watoto sabini.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya vijana saba wa miaka 10 hadi 19, mmoja anaishi na tatizo la afya ya akili. Kwa darasa lako la watoto 70 hiyo ni kama watoto kumi. Huwezi kuwatibu, na hakuna anayekudai uwatibu. Unachodaiwa ni kumwona mtoto mapema, kumsikiliza vizuri na kumfikisha kwa mwenye uwezo zaidi yako. Haya yanaweza kuanza muhula huu bila kusubiri mfadhili.

Hatua ya kwanza: tenganisha ushauri na fimbo

Shule nyingi zinaharibu hapa, kwa hiyo tukae hapa kidogo. Mwalimu wa nidhamu anaongezewa na malezi kwa hoja kwamba kazi zinafanana. Hazifanani hata kidogo. Mtoto aliyekuona paredini ukiwachapa waliochelewa hatakuja mchana kukwambia kwamba alichelewa kwa sababu usiku kucha mama yake alikuwa anapigwa. Atasema alipitiwa na usingizi, nawe utamchapa tena kesho.

Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 1979, zilizofanyiwa marekebisho 2002, zinampa mamlaka mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Viboko visizidi vinne, na kila adhabu iandikwe kwenye daftari. Kumbe unayo njia ya heshima ya kujitoa. Mwombe mkuu wa shule jina lako lisiwemo kabisa kwenye uteuzi huo, kisha yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, atangaze paredini kwamba mwalimu fulani hachapi na hapeleki kesi za nidhamu. Tangazo hilo lisipotolewa, yote yanayofuata hapa yatabaki kwenye karatasi.

Kuhusu nani awe mwalimu huyo, waulizeni wanafunzi. Gaweni vipande vya karatasi visivyo na majina, na swali moja: "Ukipatwa na jambo zito, ungemwendea nani kati ya watu wazima wa shule hii? Andika wawili." Majibu yanaweza kumtaja mpishi, mlinzi, au mwalimu wa kujitolea aliyefika mwezi uliopita. Msiyapuuze. Chagueni wawili, mwanamke na mwanamume, na kama mpishi ametajwa na wengi, mfundisheni naye namna ya kumleta mtoto kwenu. Kisha mkuu wa shule awapunguzie vipindi kadhaa. Mwalimu mwenye vipindi thelathini kwa wiki hana sikio la kumpa mtu.

Chumba si lazima. Tafuta mahali panapoonekana lakini pasiposikika: chini ya mwembe upande wa pili wa uwanja, au kibaraza cha maabara baada ya vipindi. Mlango usifungwe kamwe. Hilo linamlinda mtoto, na linakulinda wewe.

Hatua ya pili: jua ziwa linaingiaje darasani

Mtoto wa mwaloni, ufukweni wanakoshushia samaki, ana shida zake, na mtoto wa Buhongwa, mjini Mwanza, anayepanda daladala mbili ana zake. Kaeni walimu wawili au watatu na kalenda ya ukutani, mwandike ni nyakati zipi wanafunzi wenu hulemewa.

Januari ndiyo ya kwanza. Mtoto aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili anaingia kidato cha kwanza na kukuta karibu kila somo ni kwa Kiingereza. Aliyekuwa wa tatu darasa la saba anakuwa wa mwisho, na ananyamaza. Wengi wao pia wamehamia geto, chumba cha kupanga karibu na shule, wakiwa na miaka kumi na minne na gunia la unga. Ukijua nani anakaa geto, umeshajua nusu ya watoto wa kuwafuatilia. Tengeneza orodha hiyo wiki ya pili ya muhula, na uyatembelee magheto hayo ukiwa na mwenyekiti wa mtaa.

Kisha kuna mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi inapotoka wavuvi hupumzika. Giza likianza, utaona wavulana wanasinzia na wengine hawaji kabisa: wako mwaloni wanashusha mzigo, wanaanika dagaa, au wameingia ziwani wenyewe. Andika siku za giza kwenye kalenda yako. Mtoto anayesinzia wakati wa giza tu huenda ni mchovu wa kazi, na hilo ni suala la kuongea na mzazi. Anayesinzia hata mbalamwezi ikiwa inawaka, huyo mfuatilie kwa jicho jingine.

Kuna pia tarehe za msiba. Meli ya MV Bukoba ilizama 21 Mei 1996, na kivuko cha MV Nyerere kilizama karibu na kisiwa cha Ukara 20 Septemba 2018, kikaondoka na watu zaidi ya mia mbili. Watoto waliofiwa na wazazi mwaka 2018 wakiwa wadogo sana wako darasani leo. Kama shule yako iko Ukerewe, tarehe hiyo isikupite bila kuulizana hali. Na kila mtumbwi unaopinduka, hata usipotajwa redioni, kuna dawati linalobaki na pengo au na mtoto aliyefiwa.

Septemba hadi Novemba ni mitihani. Hayo kila mwalimu anayajua.

Hatua ya tatu: tazama kinachobadilika

Mkimya wa siku zote si mgonjwa. Anayekupasa kumtazama ni aliyekuwa mchangamfu akanyamaza, aliyekuwa msafi akaacha kufua, aliyekuwa wa kumi akawa wa sitini. Hali hiyo ikidumu wiki mbili au zaidi, usisubiri. Sonona, ugonjwa wa huzuni nzito na kukata tamaa, kwa kijana mara nyingi haiji na machozi. Inakuja na hasira, ugomvi, kichwa na tumbo visivyoisha, kukosa usingizi au kulala mno, na maneno kama "sina faida," "nimechoka tu." Wavulana wetu hasa huonekana wakaidi kabla ya kuonekana wana huzuni, na ndiyo maana wanaishia kwenye fimbo.

Chombo bora ulichonacho ni rejista ya mahudhurio. Kila Ijumaa kaa na walimu wa darasa kwa dakika ishirini, mtazame utoro wa wiki. Mtoto aliyekosa Jumatatu tatu mfululizo ana jambo.

Kabla ya kusema ni mawazo, kagua mwili. Mwambao wetu una malaria, na una kichocho kinachomfanya mtoto alegee na kupungukiwa damu miezi mingi bila mtu kugundua. Njaa nayo inafanana sana na sonona. Mpeleke zahanati apimwe. Na mtoto anayeanguka na kukakamaa, akitoka povu, anahitaji mganga wa kituo cha afya amchunguze kifafa. Kifafa kina dawa, na wanaokipata wanaweza kusoma kama wengine.

Hatua ya nne: mazungumzo yenyewe

Usimwite mtoto kwa kutuma kiranja darasani. Wenzake wote watajua. Mtume kitu, akuletee madaftari, au mkute akichota maji. Mazungumzo yanaweza kuanza hivi:

— Shikamoo madamu.
— Marahaba. Kaa hapa kivulini. Sijakuita kwa kosa. Nimeona wiki ya pili hii huchezi netiboli, na jana ulilala tangu kipindi cha kwanza. Nikasema nikuulize hali.
— Niko salama tu madamu.
— Salama ya kweli, au ya kujibia?

Halafu nyamaza. Walimu tumezoea kujaza kimya, na hapa kimya ndicho kinachofanya kazi. Asipojibu, mwambie, "Sina haraka. Hata usiposema leo, Alhamisi nitakuwa hapahapa baada ya kipindi cha nane." Na Alhamisi uwepo kweli, hata kama mvua imenyesha. Watoto wengi husema mara ya pili au ya tatu, baada ya kuhakikisha kwamba hukimbii.

Kabla hajafunguka, mweleze mpaka wa siri, tena kwa maneno mepesi: "Utakayoniambia yatabaki kwangu. Isipokuwa kama kuna mtu anakuumiza, au unataka kujiumiza, au unataka kumuumiza mwenzako. Hapo nitamshirikisha mtu mmoja, na nitakwambia ni nani kabla sijaenda." Usiahidi siri ya kila kitu. Ukiivunja ahadi hiyo, shule nzima itajua kabla ya kengele ya mchana.

Akianza kusema, rudia ulichosikia kwa ufupi ili ajue umemwelewa: "Kwa hiyo tangu baba aende visiwani, wewe ndiye unayewapikia wadogo zako." Maneno ya kuyaepuka unayajua, kwa kuwa sote tumelelewa nayo: jikaze, vumilia, wewe ni mwanaume, wenzako wana shida kuliko wewe. Hata "Mungu atasaidia" linaweza kuwa la kufungia mlango likitamkwa mapema. Kama ni mtoto wa dini, aombe, nawe uombe naye akitaka, baada ya kusikilizwa.

Ukisikia harufu ya kukata tamaa, uliza wazi. Wengi wanaogopa kwamba kuuliza kutampa wazo. Hakumpi, Shirika la Afya Duniani lenyewe linashauri kuuliza, na mara nyingi kunamtua mzigo. Anza hivi: "Mtu mwenye mambo mazito kama haya wakati mwingine anatamani asiwepo. Umewahi kufika hapo?" Akiitikia, endelea bila kushtuka: "Umefikiria kujiua? Umefikiria namna gani na lini?" Kadiri mpango wake ulivyo wazi, ndivyo hatari ilivyo karibu.

Hatua ya tano: siku ya hatari

Mpango wa siku hii uandikwe kabla haijafika, ubandikwe ndani ya kabati la ofisi, na mkuu wa shule ausaini.

Mtoto aliyesema anataka kufa haachwi peke yake hata dakika tano, hata chooni. Mtu mzima mmoja anakaa naye, mwingine anapiga simu. Mzazi au mlezi anaitwa aje shuleni, habari haitolewi kwa simu barabarani. Nyumbani aombwe kufungia dawa za shambani, dawa za wadudu na vidonge vyote. Katika mkoa unaolima pamba hili linaokoa maisha. Kisha mnakwenda pamoja kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Kwa walio mjini kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Sekou-Toure, na Bugando, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa, ina idara ya magonjwa ya akili. Shule za visiwani zijue saa za kivuko na zifahamiane na mganga wa kituo cha karibu tangu mwanzo wa mwaka, maana jambo likitokea saa mbili usiku hakuna wa kukuvusha.

Namba 116 ni ya simu kwa mtoto, na ni bure kupiga. Iandikwe kwa rangi vyooni na ukutani karibu na bomba la maji, mahali mtoto anapoweza kuisoma bila kutazamwa.

Kama mtoto amefanyiwa ukatili wa kingono, usimhoji. Sikiliza mara moja, andika maneno yake kama alivyoyasema, na mfikishe hospitali siku hiyohiyo: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinafaa zikianza ndani ya saa 72. Mshirikishe afisa ustawi wa jamii na dawati la jinsia na watoto la polisi. Usikubali suala hilo limalizwe kwa ng'ombe chini ya mti, hata kama mlezi mwenyewe ameridhia. Na binti aliyepata mimba ana haki ya kurudi masomoni tangu waraka wa serikali wa Novemba 2021. Mwambie hivyo mapema, kabla hajajiona amekwisha.

Aliyerudi kutoka hospitali apokelewe na mwalimu mmoja langoni, apewe madaftari ya kunakili, na asitajwe paredini hata kwa kuombewa.

Hatua ya sita: vikundi vidogo

Wawili hamtawafikia watoto mia nane mmoja mmoja. Majirani zetu Kenya wamejaribu njia inayofaa kuigwa. Shirika la Shamiri liliwatumia vijana waliotoka tu sekondari kuongoza vikundi vya wanafunzi, vikao vinne vya saa moja, kimoja kwa wiki. Utafiti wao kwa wanafunzi 413, uliochapishwa 2021, ulionyesha dalili za sonona na wasiwasi zikipungua zaidi ya kwa wenzao waliopewa mafunzo ya mbinu za kusoma. Vikao vile havikuzungumzia ugonjwa kabisa, na nadhani ndiyo sababu vijana hawakuvionea aibu. Viwili vya kwanza vilihusu kwamba uwezo wa mtu hukua. Cha tatu, shukrani. Cha nne, mambo ambayo kila mmoja anayathamini.

Sisi tunao vijana hao. Waliomaliza kidato cha nne Novemba wako nyumbani hadi Julai kidato cha tano kinapofunguliwa. Chagua wanne wenye adabu na wanaojua kusikiliza, wafundishe kwa siku mbili, wape kikundi cha wanafunzi kumi hadi kumi na watano kila mmoja. Kikao cha kwanza aeleze somo lililomshinda kidato cha pili na alivyolikamata. Cha nne, kila mwanafunzi aandike kitu kimoja anachokithamini na jambo dogo atakalolifanya wiki hiyo kwa ajili yake. Karatasi zibaki kwao. Kiongozi akisikia jambo la hatari, halibebi mwenyewe. Analileta kwako siku hiyohiyo.

Wanafunzi wakianguka kwa wingi

Wanafunzi kuanguka kwa kundi bila ugonjwa wa mwili unaoonekana kunastahili sehemu yake, maana likitokea shule yote hutikisika. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, upande wa Bukoba wa ziwa hili hili, wasichana watatu walianza kucheka wakashindwa kuacha. Kicheko kikachanganyika na kilio, kikawapata 95 kati ya wanafunzi 159, na tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Madaktari walipima damu wasikute sumu wala vimelea. Wasichana waliporudishwa makwao, hali ile ikawafuata hadi vijijini kama Nshamba.

Kwa hiyo usiwatangazie likizo kwa papara. Waondoe walioanguka mmoja mmoja kutoka machoni pa wenzao, uwakalishe mahali tulivu, kila mmoja na mtu mzima anayeongea polepole. Waliobaki waendelee na kipindi au wachezeshwe. Mwenye homa, aliyekakamaa, au asiyeamka aende zahanati mara moja. Maombi ya kipaza sauti na mganga wa kienyeji wa kuzunguka bwenini huwa yanaongeza idadi ya wanaoanguka, tena hukuta binti mmoja wa kunyooshewa kidole. Aliyenyooshewa kidole hicho utalazimika kumlinda miezi mingi. Vumbi likitulia, waulize mmoja mmoja kilichokuwa kinawasumbua kabla: chakula, matroni mkali, mtihani, mtu anayeingia bwenini usiku.

Kuongea na nyumbani

Mikutano ya wazazi iitwe wakati wa mbalamwezi. Baba wa dagaa atakuwa amerudi nchi kavu, na utashangaa wangapi watakuja. Usiwaitie habari ya "wagonjwa wa akili." Anza na masomo, kisha usingizi, kisha kazi za mwaloni, kisha ndipo useme habari ya mawazo.

Nyumba nyingi mlezi ni bibi. Mwendee kwake, usimwite, na umsalimie kwa Kisukuma.

— Mwangaluka, mayu.
— Mwangaluka, mwalimu. Mjukuu wangu kafanya nini?
— Hajafanya kosa, bibi. Ni mtoto mzuri. Nimekuja kwa sababu halali wala hali chakula, nikasema wewe unayekaa naye utanifundisha zaidi.

Atakwambia mengi, na huenda atasema amelogwa. Usibishane. Mwambie, "Bibi, nisaidie tufanye na hili la hospitali pia." Jambo moja tu lisilegezwe: dawa za hospitali, hasa za kifafa, zisiachwe, na mtoto asifungwe kamba, asichanjwe chale wala asilazimishwe kufunga kula. Mchungaji au shehe anayeheshimika mtaani akilisema hilo mara moja tu, atakuwa amekupunguzia safari nyingi.

Daftari, na wewe mwenyewe

Weka daftari moja, kabati moja, ufunguo kwenu wawili. Andika herufi na namba badala ya jina, tarehe, ulichokiona, mlichokubaliana, siku ya kuonana tena. Basi. Sanduku la maoni likiwepo, lisikae mbele ya ofisi. Lifunguliwe na ninyi wawili siku inayojulikana, na majibu yatolewe paredini bila kutaja mtu.

Kila wiki ninyi wawili mkutane nusu saa msimuliane yaliyowaelemea, bila majina ikibidi. Ukianza kuota watoto hao, au kuwakwepa, mwambie mkuu wa shule upumzike wiki mbili na mwenzako ashike. Nenda nawe hospitali ukihitaji.

Uhamisho wa walimu kwetu huja ghafla. Barua ikifika, usiondoke na daftari wala usiliache mezani. Mwite kila mtoto unayemfuatilia, mwambie mwenyewe kwamba unahama, muulize anataka nani amrithi, na umpeleke kwa mwalimu huyo kwa miguu yako, muongee watatu. Mwachie kalenda ya giza na mbalamwezi, orodha ya magheto, na namba ya mganga wa zahanati.